Jeraha la Enoki

Kambi ya Mbao,
Makambako,
Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini.
16 Februari 1958

Kwa kaka yangu Methusela,

Kamwene, kaka. Nakuamkia kwa heshima, wewe na shemeji na watoto wote. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi mezani pako ukiandika hesabu za mkonge kama kawaida yako, na ile homa uliyonitajia iwe imeshakutoka. Sisi huku mvua haijatuachia. Ukungu hauinuki mpaka saa nne, nguo hazikauki, na Mama analalamika magoti. Hata hivyo bado anakwenda mwenyewe kupalilia viazi, na ukimwambia apumzike anauliza ni nani atakayempalilia, wewe uliye Tanga au mimi ninayefunga vidonda vya watu. Kwa hiyo jua kwamba yeye ni mzima.

Barua yako ya tarehe 20 Januari nimeipata, nami nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Umeniambia kwamba umeandaa malalamiko kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya ya Njombe, kumshtaki Ezekia, yule dresa wa hospitali ya huko, ili asipate tena kugusa mgonjwa mahali popote katika Tanganyika. Umeniomba nitie sahihi kama shahidi, mimi niliyemwokoa mdogo wetu Enoki. Kaka, nakuomba kabla ya yote usiipeleke karatasi hiyo. Sababu nitakupa. Ila niruhusu nianze mwanzo, maana wewe hukuwapo, na habari ulizipata vipande vipande, tena nyingi ulizipata kutoka kwangu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 12 Machi mwaka jana, yapata saa tatu asubuhi. Enoki na wenzake walikuwa wanashusha magogo ya mikaratusi kutoka kwenye lori. Ardhi ilikuwa tope tupu. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya kilima, na kigingi kimoja cha pembeni kilipoachia, gogo la juu likateremka. Wenzake waliruka. Enoki aliteleza, na gogo likambana nyonga kwenye ukingo wa udongo. Walipomtoa hakuwa na jeraha lolote la nje isipokuwa michubuko, lakini hakuweza kusimama, na kila walipougusa mguu wake alipiga kelele. Walimleta kwangu kwenye kibanda cha huduma ya kwanza wakiwa wamembeba juu ya ubao. Mimi ndiye dresa pekee wa kambi, mfunga vidonda na mtoa dawa, kama ujuavyo. Nikamfunga shuka imara kuzunguka nyonga, nikamlaza, nikangoja lori la pili lirudi kutoka Njombe, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli. Lilirudi saa kumi. Tulifika Njombe jua likizama.

Ezekia ndiye aliyetupokea wodini, akakaa na Enoki kiasi cha saa moja wakati wakimwita Bwana Daktari. Daktari alipofika alimpima, akaona tone la damu kwenye tundu la mkojo, akashika tumbo la chini lililokuwa limevimba. Akanieleza kwa kuunganisha vidole vyake duara: mifupa ya nyonga ni kama pete, na pete ikivunjika upande wa mbele huivuta ile njia ya mkojo inayopita chini yake mpaka ichanike au ikatike kabisa. Akasema mtu wa namna hii haingizwi kitu kwa mbele. Alimpasua kidogo juu ya kinena, akatia mpira moja kwa moja kwenye kibofu, na mkojo ukatoka, mwingi, mwekundu. Enoki akalia kama mtoto kwa nafuu aliyoipata. Daktari ndiye aliyemwokoa maisha, kaka. Naomba hilo ulijue.

Alilala wiki nane juu ya mbao, nyonga zikiwa zimening'inizwa kwenye kitambaa kama mtoto kwenye mbeleko. Mifupa ikaunga. Lakini njia haikuunga. Daktari alisema kovu limeziba katikati, na hakuna Njombe mtu wa kulitengeneza. Itabidi tungoje daktari wa upasuaji kutoka Dar es Salaam, ambaye huzunguka majimboni, na huenda akafika mwezi wa nane. Tukamrudisha Enoki kwangu kambini, mpira ukitokea tumboni na kuishia kwenye chupa aliyoifunga kiunoni.

Sikukuandikia habari za miezi ile kama zilivyokuwa. Nilikuandikia kwamba anaendelea vizuri. Hakuendelea vizuri. Mpira uliziba mara kwa mara, naye akitetemeka kwa homa mimi nikiuosha kwa maji ya chumvi. Ngozi ya kinena ilichubuka. Harufu haikuisha, hata mkewe Fidelia akifua mara tatu kwa siku kwa maji yanayogandisha vidole. Siku ya Pentekoste alikwenda kanisani amevaa koti la mvua juu ya koti, na chupa ikamwagika wakati wa wimbo. Hakuna aliyecheka. Watu walisogea tu kwenye benchi, kila mmoja kidogo, mpaka akabaki peke yake. Tangu siku hiyo hakwenda tena. Akaanza kukataa maji ya kunywa ili chupa isijae. Nilipomgombeza alinijibu kwamba mimi ninayesimama nyuma ya mti nikamaliza haja yangu sina la kumfundisha.

Na lipo jambo jingine ambalo mwanamume hamwandikii kaka yake kwa urahisi. Tangu siku ile ya gogo Enoki si mume kwa mkewe. Daktari alisema mishipa nayo imeumia, na kwamba asitumaini sana. Walikuwa na miezi mitano tu tangu Mchungaji awafungishe ndoa. Mzee Efraimu, baba yake Fidelia, alikuja kutoka Kifanya na shangazi wawili kumchukua binti yao. Waliongea kwa heshima, sikuwalaumu. Enoki mwenyewe alimwambia mkewe aende, tena mara mbili, mara ya pili kwa matusi. Fidelia aliwakaribisha baba yake na shangazi zake ugali na njegere, akawasikiliza hadi mwisho, kisha akasema ataondoka siku Enoki atakapomfukuza akiwa hana homa. Mzee Efraimu akarudi na wale shangazi wawili bila binti yao. Lakini usiku ule nilimsikia Fidelia akilia nyuma ya jiko, nikarudi ndani.

Mwezi wa saba Enoki aliniita, akanitaka niutoe mpira, nifunge tundu kwa bandeji, nisiseme kwa mtu. Alijua vizuri kitakachofuata. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kiberiti. Nilikataa. Akasema, "Basi wewe huna huruma, kaka." Neno hilo bado ninalo.

Daktari wa upasuaji alifika Njombe tarehe 19 Agosti. Waliniruhusu niingie chumba cha upasuaji kumshikia mguu, kwa kuwa mimi ni dresa na ni ndugu. Alimfungua chini, kati ya mapaja, akaenda polepole sana mpaka akazikuta ncha mbili za njia iliyokatika, na kati yake kovu gumu, jeupe, kama kifundo kwenye mti. Akalikata lote. Akaivuta ncha ya chini mpaka ikakutana na ya juu, akazishona juu ya mpira mpya. Ilichukua saa tatu na nusu. Lakini kabla ya kushona alisimama, akamwita Bwana Daktari atazame. Kando ya njia yenyewe palikuwa na njia nyingine, nyembamba, iliyokwenda pembeni nyamani bila kufika popote. Alisema mfupa hautengenezi tundu la namna ile. Hilo limetengenezwa na chuma kilichosukumwa kwa nguvu. Akasema tena, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, kwamba huenda njia ilikuwa imechanika upande mmoja tu, na kama isingeguswa, huenda ingepona kwa mpira wa tumboni peke yake.

Kesho yake ofisini waliuliza nani aliingiza chuma. Vitabu vilionyesha kwamba kabla ya Daktari kufika, Enoki alikuwa na Ezekia. Ezekia akaapa hakumgusa. Alisema mgonjwa alifika na damu, naye anajua, kama kila dresa ajuavyo, kwamba mtu wa damu haingizwi kitu. Alipokuwa akisema hayo hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi. Hawakumwamini. Alisimamishwa kazi, akavuliwa sare, akatoka kwenye nyumba ya serikali na mkewe Margareth, wakahamia Mjimwema kwenye chumba kimoja, akawa kibarua kwenye mashamba ya viazi ya watu. Ndiyo habari niliyokuandikia, nawe ukakasirika kama ndugu anavyopaswa kukasirika.

Mpira wa mbele ulitolewa baada ya wiki tatu. Enoki alisimama kwenye ukuta wa wodi, Fidelia amemshika kiuno, tukangoja. Ukaja. Kwanza matone, kisha mkojo wenyewe, kwa nguvu, ukapiga ukuta. Wagonjwa wote wodini walipiga makofi. Mzee mmoja nisiyemjua hata jina alianzisha wimbo. Sijapata kuona furaha ya namna ile kwa jambo ambalo kila ng'ombe hulifanya.

Haikudumu. Mwezi wa kumi mkondo ulianza kuwa mwembamba, mwezi wa kumi na moja ukawa uzi. Kovu lilikuwa linarudi. Daktari alisema ndivyo ilivyo kwa wengi: njia hutengenezwa, kisha hutaka kufunga, na dawa yake ni kuipanua kila mwezi kwa chuma kilichopinda, chembamba kwanza, kisha kinene zaidi, kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Akanifundisha mimi, ili Enoki asisafiri kila mara kwenda Njombe. Kwa hiyo tangu Novemba, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mdogo wetu alilala kitandani kibandani kwangu, akauma kitambaa, nami nikafanya kazi hiyo.

Sasa nisikilize, kaka, na kama shemeji yuko karibu, isome hii peke yako kwanza.

Nilipokusimulia siku ya gogo, nilisema nilimfunga shuka nikangoja lori. Kati ya shuka na lori kulikuwa na saa nyingi. Kufika saa sita mchana tumbo lake la chini lilikuwa gumu kama ngoma. Alitaka kukojoa asiweze. Alinishika shati, mpaka kifungo kikakatika, akawa anasema, "Nifungulie, kaka. Nifungulie, napasuka." Niliiona damu kwenye tundu. Nilijua maana yake. Mwalimu wetu alituandikisha jambo hilo, na daftari ninalo hata leo, limeandikwa kwa mkono wangu: damu ikionekana, usiingize kitu. Lakini alikuwa Enoki. Nilichukua mpira, ukagonga ukarudi. Nikachukua chuma. Kikagoma. Nikasukuma. Kikagoma tena, nikasukuma kwa nguvu zaidi, nikasikia kitu kikiachia ndani, kama kitambaa kibichi kinachochanika. Nikafurahi, nikadhani nimefika kwenye kibofu. Ikatoka damu tu.

Nilikitoa, nikakiosha, nikakichemsha, nikakirudisha kabatini. Sikuandika chochote kwenye karatasi ya mgonjwa. Kule Njombe Bwana Daktari aliniuliza waziwazi kama kuna mtu aliyemwingiza kitu. Nikasema, "Hapana, Bwana." Akanishika bega, akasema nimefanya vyema, wengi wangejaribu. Na mwezi wa nane, Ezekia aliponitazama pale ofisini, nilitazama dirishani. Niliogopa kupoteza kazi, hilo ni kweli. Zaidi niliogopa Enoki ajue kwamba mkono uliokuwa unamuosha ndio uliomkata.

Mimi ndimi niliyemwumiza, Methusela. Si Ezekia.

Barua yako ilipofika sikuweza tena. Jumamosi ya tarehe mosi Enoki alikuja, akalala kama kawaida, chuma kikiwa tayari kwenye bakuli. Nilikishika nikakirudisha. Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Yeye aliuliza tu, "Kwani hukuwaambia?" Kaka, muda wote huo alikumbuka vizuri nilichomfanyia kibandani. Alidhani ni matibabu. Alidhani madaktari wanajua tangu siku ya kwanza. Na kuhusu Ezekia, mimi ndiye niliyemwambia kwamba amehamishwa wilaya nyingine, naye akiwa kitandani na mpira mbele na mwingine tumboni, angejuaje? Nilipomweleza Ezekia yuko wapi, alikaa, akavaa suruali yake polepole, akasema, "Kunisukumia chuma nilikuomba mwenyewe. Hili la kumtwika kosa mtu wa watu sikukuomba." Kisha akasema nisimguse tena.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Mkondo ulikuwa umeshakuwa uzi, na sasa ukawa matone. Fidelia alinisihi, akamsihi yeye, hakukubali. Jumanne tulipanda lori la mbao sote watatu kwenda Njombe, Enoki amejikunja juu ya mbao, akigeuza uso kila nilipomtazama. Niliingia kwa Bwana Daktari nikasema kila kitu nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nikamwuliza lile linaloninyima usingizi: kiasi gani kilifanywa na mfupa na kiasi gani na mkono wangu. Alisema hajui, na hakuna atakayejua kamwe, wala yule wa Dar es Salaam. Kisha akaandika. Cheti changu cha udresa kimechukuliwa. Kazi yangu hapa kambini inaisha tarehe 28, na baada ya hapo sitashika tena bandeji ya mtu.

Nilikwenda Mjimwema mwenyewe kabla tarishi wa Daktari hajampelekea Ezekia barua. Margareth alikuwa anamenya viazi mlangoni, akaendelea kumenya nilipokuwa nikisema, ila maganda yakawa manene. Ezekia alisikiliza akiwa amesimama na jembe. Mwisho akasema, "Miezi sita." Akauliza Enoki alikojoa vizuri lini mara ya mwisho. Nikamwambia. Akaliweka jembe chini, akanawa mikono mpaka viwiko, akanitangulia kwenda hospitali, hatua tano mbele yangu njia nzima.

Ni Ezekia aliyempanua siku ile, Daktari akiwa pembeni. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Nilimsikia Enoki akipiga kelele mara moja, kisha mkojo kwenye beseni. Ezekia amerudishiwa kazi yake. Enoki na Fidelia wamepanga chumba Njombe ili wawe karibu naye kila mwezi, na wamekataa niwabebee hata kitanda.

Kwa hiyo ile karatasi, kaka, futa jina la Ezekia. Ukiona bado ni lazima ipelekwe, andika langu, nami nitaitia sahihi kama ulivyoniomba. Sikuombi unitetee kwa Mama. Amekwisha kujua. Nilimweleza Jumapili iliyopita, akanipikia, akaniangalia nikila, akaenda kulala bila kuniombea kama afanyavyo siku zote.

Mnisalimie watoto, na mdogo wao wa mwisho ambaye sijamwona mumwambie ana baba mdogo huku. Shemeji nampa heshima zake zote. Mama anakusalimu na kusema mkija Krismasi mlete chumvi, ya huku ina mchanga. Fidelia anakusalimu. Enoki naye anakusalimu sana, ila salamu zake nimezipata kwa Fidelia, kwa kuwa na mimi hasemi.

Ni mimi mdogo wako,

Anania